Shahidi Mdomoni

Siku Subilaga Mwaisaka alipompeleka kaka yake kituoni, shavu la kushoto la mzee huyo lilikuwa limevimba hadi jicho limebaki ufa. Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, na Ambakisye alitembea ameshika taya kwa leso kana kwamba akiliachia litadondoka njiani. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Arobaini kati ya hiyo aliipitisha akipuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa na kuwafundisha wengine kupuliza. Hata asubuhi hiyo, pamoja na homa, alikuwa amenyoa ndevu na kufunga tai.

Kituo cha Uzee Bora kilikuwa na mlango mmoja wa kioo usiofunguliwa na mtu. Mlango ulisoma Jino Shahidi, lile gego la kauri ambalo sheria iliagiza kila mtu apandikizwe akitimiza miaka sitini, kisha ukaamua wenyewe. Subilaga alisogea, ukafunguka. Ambakisye alisogea, ukajifunga, na sauti ya kike yenye upole mwingi ikasema, "Daraja la tano. Tafadhali tumia dirisha la ushauri."

Watu waliokuwa kwenye benchi waligeuza shingo. Mama mmoja alivuta kanga yake akaifunika pua.

Dirishani alikaa nesi Tumpe, ambaye Subilaga alimfundisha kazi miaka ile kabla hajastaafu udaktari wa meno.

"Shikamoo, mama daktari."

"Marahaba. Tumpe, fungua mlango. Huyu ana jipu la jino na usaha umeanza kushuka shingoni. Anatakiwa dripu leo hii, siyo kesho."

Tumpe alitazama skrini, akamtazama mzee, akarudisha macho kwenye skrini. Alipunguza sauti. "Mama, hapa inasema siku mia mbili na kumi na moja hajapiga mswaki hata mara moja. Na mdomo una asidi kutwa nzima, kama wa mtu anayemung'unya pipi. Imeandikwa Kutojitunza kwa Makusudi."

"Mimi?" alisema Ambakisye kupitia leso. "Mimi sipigi mswaki?"

"Siandiki mimi, baba. Linaandika Jino. Daraja la tano wanapewa vidonge vya maumivu na kijitabu. Kabati la dawa za sindano halifunguki mpaka lisome daraja la tatu kwenda juu."

Akapitisha kijitabu chini ya kioo. *Meno Yako, Wajibu Wako.* Jalada lilikuwa na picha ya mwanamke wa makamo anayecheka, meno yote yamepangana kama punje za mahindi mabichi. Alikuwa Subilaga mwenyewe, miaka minane nyuma.

Ambakisye alikipokea, akaitazama picha, akamtazama dada yake. Alikikunja mara mbili, akakitia mfukoni, akaanza kurudi nyumbani kwenye mvua.

*

Aibu ndiyo iliyomkasirisha kwanza, na hasira hiyo Subilaga aliielekeza pasipostahili. Hata hawajavua viatu, alianza kumfokea kaka yake.

"Siku mia mbili! Kaka, umenidhalilisha mbele ya mji mzima. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wazee kwamba mdomo ndio mlango wa mwili, kwamba fizi zikioza moyo nao unafuata, na wewe nyumbani mwangu unakaa na mdomo mchafu kama shimo la taka!"

"Napiga mswaki asubuhi na jioni."

"Jino halisemi uongo!"

"Basi nasema mimi." Aliingia bafuni akarudi na mswaki wake. Manyoya yalikuwa yamelala ubavu, yamechakaa kwa kutumika. Aliutupa mezani mbele yake. Akatupa na kiboksi cha uzi wa meno, kimebaki kitupu. "Subi, mama yetu alikufa hana jino hata moja, nikamlisha uji kwa kijiko miaka mitatu. Unafikiri nataka kufa hivyo? Mtu anayepata riziki kwa midomo yake anayachezea meno?"

Subilaga alikwenda kabatini, akatoa mkoba wake wa zamani, akajifunga taa ya paji la uso. "Kaa. Fungua mdomo."

Hakuweza kuufungua zaidi ya upana wa vidole viwili. Alipitisha kioo kidogo cha kukagulia ndani ya shavu lile zima, la kulia, ili aone magego. Kioo kikanasa. Alipokivuta, nyama ya shavu ilikuja nacho, ikang'ang'ania chuma kama ulimi wa mtoto uliogusa barafu.

Alikitoa polepole, akakirudisha, kikanasa tena.

Kila daktari wa meno anajua maana ya jambo hilo. Mdomo wa kawaida unateleza, na mdomo usio na mate hunasa. Aliutazama ulimi: mwekundu, umepasuka kama ardhi ya kiangazi. Meno yenyewe yalikuwa yamesuguliwa yakang'aa, lakini shingoni mwa kila jino, pale fizi zinapoanzia, palikuwa na mstari wa kahawia. Ni pale hasa ambapo meno huoza mate yakikosekana, hata mtu asugue vipi.

"Vidonge vya presha ulianza lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tisa. Vya aina mbili. Kwani vinahusiana nini?"

"Na kukauka mdomo?"

"Tangu hapo. Nalala na chupa ya maji ubavuni. Nikipuliza tarumbeta mdomo unashikana na chuma. Nilidhani ndio uzee."

Subilaga alizima taa. Alijua Jino Shahidi lilivyofanya kazi kuliko mtu yeyote mjini, kwa sababu alikuwa mmoja wa wanne waliolifanyia majaribio. Ubavuni mwa Jino mna kitundu kidogo kuliko ncha ya sindano, na humo huonja mate. Likionja madini ya dawa ya meno ndani ya mate, linahesabu mswaki mmoja. Dawa tupu hailidanganyi, maana mwanzoni watu walikuwa wakiipaka kidoleni na kuligusa, likahesabu. Kwa hiyo walilifundisha kuamini mate peke yake. Mate yanapokauka, dawa haifiki kitunduni, na Jino linaandika: hakupiga mswaki. Asidi nayo inabaki mdomoni bila kuoshwa, na Jino linaandika: anakula sukari. Na robo tatu ya wazee wanameza vidonge vya namna fulani, vya presha, vya usingizi, vya kibofu, vya huzuni, na vingi katika hivyo hukausha mate.

Alijua hayo yote miaka minane iliyopita. Katika majaribio walikuwa na wazee mia nne na kumi na wawili. Wa midomo mikavu walikuwa thelathini na mmoja, na Jino liliwapa wote daraja la tano. Mkuu wa mradi aliamua waondolewe kwenye ripoti kwa kuwa waliharibu mchoro wa matokeo. Toleo la pili lingelitatua hilo, alisema. Subilaga alibisha siku mbili. Siku ya tatu akatia sahihi.

Toleo la pili halikuja.

*

Mkuu huyo, Daktari Kasian Ndimbo, alikuwa tayari yupo mjini. Kesho yake ilikuwa Siku ya Madaraja, siku ambayo wazee wote hukusanyika ukumbini, na alikuja kuisimamia mwenyewe. Subilaga alimkuta mchana huohuo katika nyumba ya wageni, anakula parachichi kwa kijiko. Hakusubiri kukaribishwa.

"Kaka yangu anakufa kwa sababu ya wale thelathini na mmoja."

Ndimbo aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu mtulivu, wala si mkatili, na utulivu wake ulimkera Subilaga kuliko ukatili. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mwenzangu," alisema. "Hili halina haja ya makelele. Nina mamlaka ya kutoa msamaha wa daraja kwa mtu mmoja mmoja. Nitautia sahihi kesho, tukimaliza sherehe, na saa hiyohiyo kaka yako ataingia wodini."

"Kesho baada ya sherehe. Kwa nini siyo sasa hivi?"

"Kwa sababu nakufahamu. Kesho utapanda jukwaani upige mswaki wako kama kila mwaka, watu wafurahi. Kisha natia sahihi."

"Unaninunua kwa shingo ya ndugu yangu?"

"Nakuomba ufikiri!" Kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Kabla ya Jino, hospitali ya hapa ilipokea watu kumi na wawili kila mwezi waliopooza upande mmoja. Sasa ni wawili. Jino linaonja kisukari mwaka mzima kabla mtu hajahisi kiu. Linaonja damu ya fizi kabla moyo haujaguswa. Hilo halina kosa na wewe unajua. Simama pale useme Jino linasema uongo, uone. Hawatauliza ni uongo gani. Watang'oa. Watang'oana kwa koleo za mafundi baiskeli, na pamoja na jino watang'oa kinachowaonya. Hao watakaokufa utawaweka wapi?"

"Na hawa wanaokufa sasa wewe umewaweka wapi?"

"Nimewaweka chini ya wale waliopona," alisema Ndimbo. "Ni wachache kuliko wao. Ulikubali hivyo ulipotia sahihi."

Subilaga alitoka bila kuaga. Njiani alikuwa akiongea peke yake kwa sauti, na watu wakampisha.

*

Alimweleza Ambakisye yote. Hakutaka, lakini alimweleza, ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda, huku akimpima homa kila baada ya sentensi chache. Vidonge vya usaha alivyokuwa navyo mkobani vilitosha siku moja, na vilikuwa vya zamani. Uvimbe ulikuwa umefika chini ya kidevu.

Mzee alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Leo asubuhi umeniita shimo la taka. Na ulijua."

"Nilikuwa nimesahau, kaka. Nimejisahaulisha. Miaka minane nimesimama na kile kijitabu nikaja kukiamini."

"Mzee Gwamaka Kajela alikuwa katika watu wenu?"

Subilaga aliinamisha kichwa. "Ndiye wa kwanza kwenye orodha."

"Gwamaka alipiga ngoma kubwa katika bendi yangu. Tulimhamisha kiti." Ambakisye alijiinua kwa kiwiko, na kwa maumivu jasho likamtoka. "Unasikia? Alipopewa daraja la tano watu walisema ananuka, na mimi, mimi mwenyewe, nilimhamisha kiti akakae mwisho. Alikufa moyo ukiwa umeoza, na tukamzika tukisema alijitakia."

"Kaka, sasa niambie. Kesho nikinyamaza, unapona. Nikisema, Ndimbo hatasaini. Nifanye nini?"

Ambakisye alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama katika maisha yao yote.

"Usiniulize mimi," alisema. "Wale thelathini na mmoja hukuwauliza. Toka. Nataka kulala."

*

Asubuhi, saa moja kabla ya sherehe, Subilaga alimeza kidonge kimoja cheupe. Zamani alikuwa akiwapa wagonjwa kidonge hicho ili mate yakauke wakati anaziba jino. Alipofika ukumbini ulimi wake ulikuwa kipande cha gome. Alijaribu kumeza, koo likagoma. Hivi ndivyo kaka yake alivyoishi miezi saba mizima, akiamka, akilala, akifundisha vijana nyimbo.

Ukumbi ulijaa. Wazee mia tano na zaidi, makoti yananuka mvua, wamepangwa kwa madaraja: la kwanza mbele kwenye viti vya mito, la tano nyuma kabisa, wamesimama. Juu ya jukwaa palikuwa na meza, beseni, mswaki mpya, na skrini kubwa. Kila mwaka ndivyo sherehe ilivyofunguliwa. Daktari Subilaga hupiga mswaki dakika mbili, Jino lake huonja, skrini huwa ya kijani, watu hupiga makofi.

Ndimbo alimkaribisha kwa maneno mazuri. Alikuwa ameshika mkononi bahasha ya msamaha wa Ambakisye, na alihakikisha Subilaga anaiona.

Subilaga alichukua mswaki, akauonyesha watu, akaminya dawa. Akaanza. Alisugua mbele na nyuma, juu na chini, kwenye fizi kwa upole kama alivyowafundisha, dakika mbili kamili. Watu wa nyuma walinyoosha shingo. Povu lilikuwa zito kama unga uliokosa maji. Alitema, akajifuta, akatazama skrini pamoja na wote.

Skrini ikawa nyekundu. Ile sauti ya upole ikajaa ukumbi: "Hakuna mswaki uliopigwa. Kutojitunza. Tafadhali tumia dirisha la ushauri."

Kicheko kidogo kilisikika, kisha kikakatika.

"Hitilafu ndogo ya mashine," alisema Ndimbo, akisimama.

"Hakuna hitilafu." Alisema kwa shida, kila neno likibanduka kwenye kaakaa. "Mmeniona kwa macho yenu. Nimepiga mswaki au sikupiga?"

"Umepiga!" alijibu mtu nyuma.

"Nimekausha mate kwa dawa. Mate yakikauka, Jino halioni. Vidonge vyenu vya presha vinakausha mate. Ninyi mliosimama kule nyuma, wangapi mdomo umekauka?"

Mikono ilinyanyuka, mmoja, miwili, kisha nyuma nzima, msitu wa mikono.

"Basi ninyi si wachafu. Hamkuwahi kuwa wachafu. Jino lilikosea, nasi tulijua linakosea. Watu wanne tulijua. Daktari huyu alijua, na mimi nilijua, nikatia sahihi." Alitoa karatasi kifuani. "Tuliwafuta watu thelathini na mmoja. Gwamaka Kajela. Ndimyake Mwalwega. Bupe Asangalwisye..."

Kipaza sauti kilizimwa. Aliendelea kusoma bila hicho, sauti inakwaruza, na ukumbi ulinyamaza ili umsikie. Alipomaliza jina la thelathini na moja, aliona bahasha ya Ndimbo imechanika vipande viwili mikononi mwake, na uso wa Ndimbo umekunjamana kwa hasira.

Ndipo ukumbi ulipopasuka. Viti vilisukumwa. Mzee mmoja alipiga meza kwa fimbo akilia jina la mkewe. "Ling'oeni!" walipiga kelele. "Ling'oeni hili shetani!"

"Msiling'oe!" alipayuka Subilaga. "Nisikilizeni! Kwenye kisukari linasema kweli! Kwenye damu linasema kweli! Lazimisheni walitengeneze, lazimisheni wafungue milango, lakini msiling'oe!"

"Nyamaza wewe!" mwanamke wa mstari wa mbele alimrushia maneno usoni. "Jana lilikuwa kweli tupu, leo uongo, sasa kweli nusu. Tukuamini lipi?"

Alichokiona Subilaga wakati huo, kupitia vichwa vya watu, ni nesi Tumpe akivua beji yake na kutoka mbio kwa mlango wa pembeni.

*

Tumpe alivunja kioo cha kabati kwa mtungi wa kuzimia moto. Alikwenda na vijana wawili wa zamu hadi nyumbani, wakambeba Ambakisye kwa machela, na kabla ya saa sita dripu ilikuwa mshipani mwake. Alikaa wodini siku ishirini na mbili. Daktari wa upasuaji alitoa usaha kikombe kizima na meno manne, mawili ya mbele, yale yanayoshika mdomo wa tarumbeta. Ambakisye aliambiwa hatapuliza tena. Alipoambiwa alimtazama dada yake, akageukia ukuta.

Mambo mengine yalikuja kwa mwendo wake. Madaraja yalisimamishwa nchi nzima, milango ya kioo ikaachwa wazi imeegemezwa tofali. Ndimbo aliondolewa, na Subilaga alifutiwa leseni na kupewa tarehe ya mahakama; hakupinga. Lakini watu hamsini na watatu mjini hapo walikuwa wameshang'oa Jino ndani ya wiki ya kwanza, kwa koleo, kama alivyosema Ndimbo. Mmoja wao, Lugano Mwasomola, fundi viatu, alianguka kazini mwezi wa tatu baada ya hapo, sukari imepanda na hakuna kilichomwonya. Subilaga alikwenda mazishini akasimama mbali. Alikuwa na hasira na Ndimbo kwa kusema kweli, na hasira na Lugano kwa kutomsikiliza, na ile aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe ilizidi zote mbili.

Wiki hiyohiyo Ambakisye alitoka chumbani amefunga tai.

"Ile orodha unayo?" Bila meno ya mbele maneno yalimtoka kwa upepo.

"Ninayo."

"Wangapi wako hai?"

"Kumi na wanane."

"Waliokufa wana wake, wana waume, wana watoto. Ukumbini umewasomea watu majina. Hao wenyewe hujawaambia kitu." Alifungua mlango. "Tunaanza kwa Gwamaka. Nikikusindikiza si kwamba nimekusamehe. Na mimi nina langu la kusema pale."

Nyumba ya Gwamaka ilikuwa juu kidogo ya soko, yenye baraza ya saruji. Mjane wake, Tusekile, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakuwa amefika ukumbini siku ile. Aliacha kwenda penye watu tangu mumewe alipohamishiwa nyuma. Aliwaona, hakusimama, wala hakuwakaribisha kiti.

Ambakisye alivua kofia. "Mama, nilimhamisha mumeo kiti katika bendi. Nilikosea. Alikuwa mpigaji bora kuliko wote niliowahi kuwa nao."

Tusekile aliendelea kuchambua. "Na huyu?"

Subilaga alipanga maneno njia nzima, na sasa yote yalikuwa yamemwishia. "Naitwa Subilaga Mwaisaka. Nilikuwa mmoja wa waliopima Jino. Mumeo alikuwa anapiga mswaki. Nilijua anapiga. Mdomo wake ulikauka kwa dawa, Jino halikuweza kuona, na mimi nikalifuta jina lake ili ripoti ipendeze."

Mikono ya mama yule ilisimama juu ya ungo.

"Alikuwa anaamka kabla yangu," alisema taratibu. "Anasugua kwa dawa, kisha kwa chumvi, kisha kwa mkaa. Mpaka fizi zinatoka damu. Ananiuliza, Tuse, bado nanuka? Namwambia hunuki, baba. Hakuniamini. Alikuwa analala amenipa mgongo ili asinipumulie." Aliweka ungo chini, akanyanyuka. Alikuwa mrefu kuliko Subilaga alivyotarajia. Katika nyumba za jirani, watu walikuwa wameanza kuchungulia madirishani, na mwanamke mmoja alisimama na ndoo yake katikati ya njia.

"Hawa wote walikuwa wakifunika pua akipita," alisema Tusekile. "Hata wanangu mimi. Yale uliyoyasema sasa hivi, yaseme tena. Geuka uwatazame wao. Sema kwa sauti."

Subilaga aligeuka akaitazama njia. Alivuta pumzi, akaanza upya, kwa jina lake.

"Sijasikia," ilitoka sauti ya Tusekile nyuma yake.

Akaanza tena.